Mapigo ya moyo ya mtoto njiti (aliyezaliwa kabla ya wakati) kupandashuka kwenye monita
Dada, umeuliza kama mapigo kupandashuka kwenye monita ni moyo mbovu. Hapana, namba kucheza 138, 151, 144 kwa dakika kwa njiti aliyetulia si moyo mbovu, mara nyingi ni dalili njema. Neva ya vagasi, ile inayopunguza kasi ya moyo, hukomaa sana wiki za mwisho za mimba. Ndiyo maana mtoto wa wiki 28 za mimba mapigo yake yamenyooka, yaani hayachezi sana, kuliko wa wiki 36. Ila usipime ukomavu kwa kile kifaa cha taa nyekundu kinachofungwa mguuni, oksimita (kipima oksijeni ya damu): inatoa wastani wa sekunde kadhaa, na mtoto akirusha mguu tu inadanganya. Kipimo chenyewe kinataka ECG (kipimo cha umeme wa moyo), muda wa pigo hadi pigo kwa milisekunde, dakika kama 5, tena mtoto akiwa kwenye usingizi wa aina ileile kila mara. Kafeini ya kuzuia asisahau kupumua nayo hupandisha mapigo.

La kuogopa ni kinyume chake: mapigo yaliyonyooka, halafu yanadondoka ghafla na kurudi, mara kwa mara. Hali hiyo yaweza kutangulia maambukizi ya damu kabla mtoto hajachemka wala kupoa. Mwite nesi. Mapigo yakishuka chini ya 100 na kubaki hapo, usisubiri hata raundi ya daktari.