Dalali akisema pakingi ipo, muulize iko wapi

SWALI: Mhariri, salaam. Nahamia Tanga mjini kikazi, nina gari aina ya Noah, na natafuta apatimenti ya vyumba viwili yenye maegesho. Madalali wawili wameniambia kwa simu kuwa "pakingi ipo", na wanataka nitume kodi ya miezi 6 nisije nikaikosa nyumba. Nifanyeje?
Msomaji, Handeni

JIBU: Usitume hata senti kabla Noah haijaingia getini na kutoka. "Pakingi ipo" ya dalali huweza kuwa ua wa magari mawili kwa wapangaji wanne, au ukingo wa barabara chini ya dirisha lako.

Chagua mtaa kwanza. Ngamiani, kwenye barabara za namba, nyumba nyingi zimeshikana na baraza zinaishia njiani. Huko jiandae gari kulala nje. Raskazone na sehemu za Chumbageni viwanja ni vikubwa, uzio na geti si shida, ila kodi nayo inapanda. Kange, upande wa stendi ya mabasi, kague njia ya kuingilia. Ukiiona wakati wa kiangazi, waulize majirani hali yake masika.

Dalali atapenda mwende saa 5 asubuhi, ua ukiwa mtupu. Wewe rudi saa 3 usiku, wapangaji wakiwa wamerejea, uhesabu magari. Beba futi ya fundi. Noah ina upana wa karibu mita 1.7 bila vioo vya pembeni, kwa hiyo geti la mita 2.5 linatosha ukiingia umenyooka. Kama unakata kona kutoka kichochoroni, tafuta la mita 3 au zaidi, la sivyo utakwangua ubavu kila jioni. Nafasi yenyewe iwe na upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5, na nyuma ibaki kama mita moja, maana mlango wa nyuma unafungukia juu. Kagua pia zege lililofunika mtaro mbele ya geti. Kisha inua macho: mnazi juu ya maegesho ni kioo cha mbele kinachosubiri siku yake.

Ukiridhika, nafasi iandikwe kwenye mkataba, tena kwa kuitaja: "Mpangaji ana nafasi moja ya gari, ya kwanza kushoto ukiingia getini." Ongeza nani anashika ufunguo wa geti na linafungwa saa ngapi. Kipengele ambacho wengi hukisahau ni cha fremu. Mwenye nyumba akipata hela kidogo, hujenga fremu za maduka mbele, na mahali pa kuwekea fremu ndipo pale pale unapoegesha. Andikeni kwamba nafasi ikiondolewa, kodi inapungua kwa kiasi mlichokubaliana, au unahama na kurudishiwa miezi iliyobaki.

Umiliki ulizie kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Kodi mlipe aliyetajwa kwenye mkataba, si dalali, na udai risiti. Omba miezi 3 badala ya 6, wengine hukubali. Ujira wa dalali, ambao mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja, mpatane mapema na umpe mkataba ukishasainiwa.

SWALI: Nimepanga karibu na bahari, gari linalala uani bila paa. Nilifunike kwa turubai la nailoni lisishike kutu?
Msomaji, Sahare

JIBU: Hapana. Nailoni inafungia unyevu wenye chumvi ndani, na upepo ukiipeperusha inakwangua rangi. Kila wiki lioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, hasa chini ya bodi na ndani ya matao ya magurudumu, maana kutu huanzia huko. Kisima kikiwa na maji ya chumvi, usikitumie. Palipochubuka rangi, paziba mapema.