Muulize kwanza amefikaje: falsafa yangu ya uuguzi niliipata kwa bibi wa Pate

Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu Lamu kwa mafunzo ya wodini huniuliza swali hili karibu kila mwaka: "Sista, tumeambiwa tuandike falsafa yetu ya uuguzi. Tuanzeje?" Wengi huwa wameshaanza. Hunionyesha ukurasa mmoja uliojaa huruma, heshima, utu na huduma bora, na nikiusoma siwezi kujua kama umeandikwa na yeye au na mwenzake wa bwenini. Mimi pia chuoni niliandika ukurasa kama huo, nikapewa alama nzuri. Miaka minne baadaye nilimrudisha mgonjwa mlangoni mwa kliniki, na siku hiyo nilikuwa bado naliamini kila neno la ukurasa wangu.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanza kwa yule mgonjwa. Nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane, maana huku kwetu kila mtu ni jamaa ya mtu.

Alikuwa bibi wa mji wa Pate, katika kisiwa cha jirani. Ana sukari, na unyayoni alikuwa na kidonda kilichoanza kwa kukanyaga ganda la chaza. Mara ya kwanza aliletwa alfajiri kwa mashua, mjukuu wake wa kike amemshika mkono. Tukamlaza, tukasafisha kidonda, sukari ikateremka. Siku aliyoruhusiwa mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama. Nikamwandikia kwenye kadi: rudi kliniki baada ya wiki mbili, asubuhi. Hakuja. Wiki mbili nyingine akaja, lakini alifika baada ya alasiri na mimi nafunga daftari. Nikamwambia, "Bibi, kliniki ni asubuhi. Rudi wiki mbili zijazo." Hata kiti sikumpa. Kwenye faili nikaandika: hafuati maagizo.

Aliporudi, alirudi kwa machela. Vidole viwili vya mguu vilikuwa vimeshakuwa vyeusi.

Nilimgombeza huku namfungua bandeji. Nilimweleza habari za sukari na vidonda, kwamba unyayo hupoteza hisia, damu haifiki vizuri, kidonda hakisemi kwa maumivu mpaka kimekwenda mbali. Yote niliyoyasema yalikuwa kweli. Akaniacha nimalize, kisha akasema polepole, "Mwanangu, mai yalikuwa makavu."

Msomaji wa bara nimweleze kidogo: mai kwetu ni maji, na maji makavu ni maji yaliyokupwa. Mji wa Pate una maji machache mbele yake, na yakipwa chombo hakifiki karibu. Ukitaka kusafiri wakati huo inabidi uende ukapandie kwenye gati la Mtangawanda, kisiwa hicho hicho, na kutoka Pate kwenda huko ni mwendo, sembuse kwa mguu ule. Maji nayo hayana saa maalumu: kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na saa nne ya asubuhi ndipo yanapokuwa makavu kabisa. Kati ya bamvua mbili kuna maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na siku hizo saa nne ya asubuhi maji huwa yamejaa.

Sasa hesabu. Bamvua hurudi kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi. Mimi nilimpa bibi siku 14, na 14, na 14 tena, kuanzia mwezi mwandamo. Kila tarehe niliyomwandikia kwa mkono wangu iliangukia bamvua, na kila asubuhi ya kliniki yangu ilikuwa saa ya maji makavu mbele ya mji wao. Ile siku aliyofika baada ya alasiri alikuja na maji ya kwanza yaliyoweza kubeba mashua. Alikuwa amekaa juu ya mkeka ufuoni tangu asubuhi, akiyangoja yajae.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mimi ni mtoto wa mvuvi. Nimelelewa mtaa wa Langoni hapa Lamu, na bamvua nililijua kabla sijajua kusoma. Lakini nilipovaa sare niliyaacha hayo gatini, nikaingia hospitali na kalenda ya ukutani peke yake.

Vidole vile viwili tulivipoteza. Mguu ulibaki. Badiliko tulilolifanya lilikuwa dogo mpaka naona haya kulitaja: tarehe yake tuliisogeza wiki moja mbele, ikaangukia maji mafu. Mjukuu tukamfundisha kusafisha na kufunga kidonda, kukagua unyayo wote kila jioni, na kutompa bibi maji ya moto ya kuloweka mguu usio na hisia. Kuanzia hapo hakukosa hata mara moja.

Ilikuwa ni baada ya hayo ndipo nilipofungua tena daftari zangu za chuo na kuzisoma nadharia za kujali kama mtu anayetafuta dawa. Nilikuwa nimezikariri kwa ajili ya mtihani. Jean Watson, muuguzi wa Marekani, alitoa kitabu chake cha kwanza juu ya jambo hili mwaka 1979, na akaorodhesha mambo kumi ambayo alisema ndiyo kiini cha kazi yetu, tofauti na yale ya kutibu ugonjwa. Anazungumzia pia wakati ambao muuguzi na mgonjwa wanakutana kweli, kila mmoja na maisha yake yote nyuma yake, na namna wakati huo unavyoweza kuwageuza wote wawili. Chuoni niliona ni maneno ya kishairi. Nilipokumbuka "mai yalikuwa makavu", nilielewa.

Lakini aliyenisaidia zaidi kwa kazi ya kila siku ni Kristen Swanson, aliyesoma kwa Watson. Nadharia yake ya mwaka 1991 aliitoa kwa watu wenyewe: wanawake waliopoteza mimba, wahudumu wa watoto wachanga mahututi, na akina mama wenye maisha magumu. Ina mambo matano. Kumjua mtu, yaani kujitahidi kuelewa tukio lile lina maana gani katika maisha yake, bila kumkisia. Kuwa naye. Kumfanyia yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angeweza. Kumwezesha. Na kudumisha imani yako kwamba ataweza kulipita jambo hili. Nikamrudia bibi moja kwa moja: kumfanyia nilimfanyia, kwa ustadi. Kumjua nilikuruka, na kwa kukuruka huko, kumfanyia kwangu kote kulikwenda na maji.

Hapa nataka kusema jambo la lugha, maana naliona ni msingi kwa sisi. Kwa Kiswahili mtu aliye na jamaa wodini husema, "Nina mgonjwa." Hasemi mgonjwa yuko hospitali tu, anasema anaye, kama mtu anavyosema nina mtoto au nina mgeni. Na anayekuja kumzuru husema, "Nimekuja kukutazama." Neno lenyewe uuguzi limetoka kwenye kuugua: anayeugua na anayeuguza wamo katika neno moja. Sisi wenye sare tunasema "kitanda namba sita" na "yule wa sukari". Sikatai kwamba namba zina kazi yake, usiku ukiwa peke yako na wodi nzima zinakuokoa usikosee dawa. Lakini siku hizi nikipokea zamu hujisemea kimoyomoyo, nina wagonjwa kumi na nane. Jaribu usiku mmoja. Utaona mwenyewe unavyotembea tofauti kati ya vitanda.

Sasa wewe uliyeambiwa uandike falsafa yako. Usianze na nadharia wala na tafsiri ya neno falsafa. Anza na mgonjwa mmoja anayekusumbua bado, yule ukikumbuka unageuza uso. Andika kilichotokea, kwa Kiswahili, lugha uliyougulia utotoni na kuuguzwa nayo. Ukishamaliza ndipo uchukue nadharia uiweke karibu na kisa chako, uone inakuonyesha nini usichokiona. Kama haionyeshi kitu, chukua nyingine.

Walimu watakutaka useme unaaminije kuhusu mambo manne: mtu, mazingira, afya na uuguzi. Ni sawa, lakini usijibu kwa tafsiri za kitabuni. Chini ya mazingira mimi sasa nimeandika maji, mashua, punda, ngazi za nyumba zetu ndefu na nyembamba ambazo mgonjwa aliyepasuliwa hawezi kuzipanda, na ni nani analala karibu naye usiku. Mwenzangu wa Mpeketoni, kule bara, ataandika mengine kabisa.

Na kila sentensi ya falsafa yako iulize: inanikataza nini? "Naamini katika heshima" haikatazi kitu. Ya kwangu moja inasema: sitaandika kwamba mgonjwa hafuati maagizo kabla sijamuuliza amefikaje hapa na atarudije. Hiyo imeshanizuia kalamu mara nyingi, na kila ninapouliza napata jambo: nauli, mume aliye baharini, mtoto mchanga asiye wa kuachiwa, au aibu ya kufunuliwa mbele ya watu kwa sababu pazia letu halifiki mwisho.

Wodi ya wazazi ndiko Madeleine Leininger, aliyekuwa muuguzi na pia mtaalamu wa tamaduni, anakonisaidia. Anasema mila za mgonjwa ama uzihifadhi, ama mkubaliane namna, ama umsaidie kuzibadilisha. Hapa kwetu mzazi hukaa arobaini ndani, anapikiwa, anakandwa kwa maji ya moto. Kupumzika na kupikiwa ni heri tupu, yahifadhi na uyasifu mbele ya mkwe asikie. Kukandwa kwa aliyezaa kwa kupasuliwa, kaa na mkandaji mkubaliane: miguu na mgongo sawa, tumbo lenye mshono aliache kabisa. Dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, kukamuliwa na kumwagwa, au kitovu kupakwa vitu, hapo husema wazi kwamba hapana, na naeleza kwa nini: ile dang'a ni kinga ya kwanza ya mtoto, na kitovu kichafu ni mlango wa pepopunda. Nimejifunza kumweleza bibi wa mtoto kwanza kabla ya mama mtoto. Bibi akikubali, nyumba imekubali.

Nisieleweke vibaya. Upole usiojua kazi unaua. Muuguzi anayemshika mgonjwa mkono bila kunawa hajamjali. Kusoma dozi mara mbili, kuona mapema kwamba mzazi anavuja damu kupita kiasi, kumgeuza aliyelala muda mrefu asipate vidonda vya mgongo, hayo kwangu ndiyo kujali kwenyewe, na mgonjwa wa usingizini ambaye hatakushukuru anastahili yote.

Najua pia utaniambia hakuna wakati, tuko wachache. Ni kweli, na falsafa haiongezi wauguzi. Hilo lazima tulidai kwa sauti. Lakini kumuuliza bibi swali lile kungenichukua dakika moja, na kumgombeza kulinichukua kumi. Usiku mmoja mzee alikuwa anakata roho na wanawe hawajavuka kutoka Mokowe, upande wa bara. Sikuwa na nafasi ya kukaa. Nilimgeuza kitanda kikaelekea kibla, nikamwita mzee wa kitanda cha jirani amsomee shahada sikioni, nikaendelea na dripu za wengine nikirudi kila mara kumshika bega. Wanawe walipofika na kuuliza alikuwa na nani, nilikuwa na jibu la kuwapa.

Falsafa yangu mimi iko kwenye daftari dogo mfukoni, ina sentensi saba, mbili zimekatwa. Moja niliikata kwa sababu iliniahidisha kutochoka. Mahali pake nimeandika kwamba nikitoka zamu ya usiku nitalala kabla ya kufua, na siku mgonjwa akifa mikononi mwangu nitamwambia mtu.

Karibu na kalenda ya kliniki sasa tumebandika karatasi ya maji. Kila mwisho wa mwezi namtuma kijana gatini kwa manahodha, au namuuliza baba, nami najaza kwa kalamu nyekundu siku za bamvua. Mwezi huu moja imeangukia Jumanne ya kliniki ya sukari. Wa mjini watakuja Jumanne hiyo kama kawaida. Wa Pate nimewahamishia Jumanne inayofuata, na jana nimeshampigia simu yule mjukuu.