Ukitaka Kuiboresha Bafa ya Valvu, Anzia Kwenye Umeme Wake

Amplifaya yangu ya zamani hukaa kwenye kabati la sebuleni, hapa kwetu Uyole, na kompyuta ninayochezea muziki iko mezani upande wa pili wa chumba. Kebo inayoziunganisha huzunguka ukuta na kupita juu ya mlango, jumla ya mita kumi, na kwenye meza nilikuwa nimefunga kitasa cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha sauti, cha kiloomu 100, ili nisilazimike kunyanyuka kila mara. Kwaya zilisikika kana kwamba waimbaji wamejifunika mablanketi ya mwezi wa Juni. Nilibadilisha spika, nikasafisha amplifaya, na hali ikabaki ileile.

Kosa lilikuwa katikati. Kitasa cha kiloomu 100 kinapofika nusu ya njia yake ya umeme huwa na ukinzani wa kutoa wa kiloomu 25, ilhali amplifaya yangu ina ukinzani wa kuingilia wa kiloomu 22 tu, kwa hiyo zaidi ya nusu ya mawimbi ilikuwa inapotea kabla hata ya kufika. Kebo nayo, nilipoipima kwa multimita, ilikuwa na nanofaradi 1.5, na ukikokotoa vitu hivyo vitatu kwa pamoja utaona kwamba sauti nyembamba huanza kumezwa kuanzia takriban hezi 9,000. Hapo ndipo inapohitajika bafa, yaani saketi ndogo inayokaa kati ya chombo na amplifaya. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi huniuliza bafa itaongeza sauti kiasi gani, na jibu ni kwamba haiongezi hata kidogo. Ile ya valvu, yaani zile taa za kioo za redio za zamani, hupunguza kidogo sana. Kazi yake ni kupokea mawimbi dhaifu bila kuyaelemea na kuyatoa yakiwa na nguvu ya kuisukuma kebo. Kama chombo chako na amplifaya vimekaribiana, na kebo ni ya mita moja, huenda huihitaji kabisa.

Nilichagua valvu ya ECC82, ambayo ina triodi mbili ndani ya kioo kimoja, moja kwa spika ya kushoto na nyingine kwa ya kulia. Katika mpangilio ambao kathodi (sehemu inayotoa elektroni) huifuata gridi (wavu unaopokea mawimbi), ukinzani wake wa kutoa hushuka hadi takriban omu 500, na kwa kiwango hicho kebo yangu haianzi kumeza chochote mpaka zaidi ya hezi 200,000. Ningeweza kupata matokeo hayo kwa kipande kimoja cha saketi unganishi (IC) cha bei ndogo, nami sitamdanganya mtu kwamba valvu ilikuwa lazima. Nilitaka tu kuiona ikiwaka, kama redio ya babu ambayo ilibidi isubiriwe ipate moto ndipo iseme.

Umeme wa volti nyingi niliupata kwa transfoma mbili ndogo za volti 230 kwenda 12, nilizonunua Mwanjelwa zikiwa zimetolewa kwenye redio zilizokufa, nikazigeuzia migongo: ya kwanza hushusha, ya pili hupandisha tena. Kwa sababu ya upotevu hazirudishi volti 230 kamili. Zangu zilitoa takriban 190, ambazo baada ya diodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita (hutunza chaji) zikawa karibu volti 268 za umeme wa moja kwa moja (DC). Volti hizo zinaua. Kapasita huendelea kuzishika hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo weka rezista ya kiloomu 220 yenye uwezo wa wati moja sambamba na kapasita hizo, subiri dakika tatu, kisha pima kwa multimita kabla ya kuingiza mkono. Mimi hupima mara mbili, na fundi jirani aliyekuwa ananitazama siku moja aliniuliza, "Mwalimu, kwani huiamini mita yako?" Mita naiamini. Nisichokiamini ni lehemu yangu ya saa nne usiku.

Toleo la kwanza lilifanya kazi, lakini lilivuma. Kabla ya kununua chochote, jifunze kuutambua mvumo kwa sikio. Ule wa hezi 50 ni mzito na mviringo, na kwa kawaida hutoka kwenye filamenti (uzi unaoipasha valvu moto) inayolishwa umeme wa kupishana (AC), kwenye transfoma iliyokaribia mno nyaya za mawimbi, au kwenye nyaya za ethi zilizounganishwa zaidi ya mahali pamoja zikafanya mzunguko. Ule wa hezi 100 una ukali kidogo, nao hutokana na umeme uliopita kwenye diodi bila kusafishwa vya kutosha. Kuna jaribio jingine jepesi: muziki ukiwa unaendelea, zima bafa peke yake. Valvu itaendelea kufanya kazi kwa sekunde chache kwa joto na chaji iliyobaki, na mvumo ukibaki vilevile katika sekunde hizo, ujue chanzo kiko nje ya kisanduku.

Wangu ulikuwa mchanganyiko. Ule wa hezi 100 niliumaliza kwa kuongeza hatua moja ya uchujaji, yaani rezista ya kiloomu 2.2 na kapasita ya mikrofaradi 47 ya volti 450, baada ya hatua kama hiyo iliyokuwepo tangu mwanzo. Hatua moja hupunguza mawimbi ya hezi 100 karibu mara 65, na mbili zikifuatana huzidishana, huku kila moja ikigharimu volti 20 hivi, jambo lililonifaa kwa kuwa nilihitaji kushuka karibu na volti 220. Ethi zote nilizikusanya kwenye skrubu moja ya kasha.

Filamenti ndiyo iliyonitesa. Niliamua kuilisha umeme wa moja kwa moja kupitia rigyuleta ya 7812, kipande kinachoshikilia volti 12 zisiyumbe, nikitumia transfoma ya tatu ya volti 12, na mchana kila kitu kilikuwa kimya. Jioni, majirani wanapowasha majiko na pasi, umeme wa mtaani kwetu hushuka hadi volti 200, na mvumo ukawa unarudi kila saa moja usiku kana kwamba una miadi. Kumbe kwa volti 200 transfoma ile huiachia rigyuleta takriban volti 13 tu, nayo huhitaji kama 14 au zaidi ili isimame imara. Niliibadilisha kwa transfoma ya volti 15, nikaifunga rigyuleta kwenye kipande cha alumini kwa sababu sasa hupoteza zaidi ya wati moja kama joto, na tatizo likaisha. Anayejenga mahali ambapo umeme hauyumbi anaweza asikutane na jambo hili maishani. Sisi tupige hesabu kwa volti za usiku.

Rezista za kathodi nazo zilinifunza adabu. Niliweka za robo wati zenye kiloomu 22, ilhali kila moja hubeba takriban volti 100, ambazo ni karibu nusu wati, na baada ya wiki mbili zilikuwa na rangi ya karanga zilizoungua. Weka za wati mbili.

Kwenye kapasita ya kutolea sauti, ukubwa una maana kuliko jina lililoandikwa juu yake. Ile ya mikrofaradi 0.1 niliyoanza nayo, ikikutana na kiloomu 22 za amplifaya, hukata besi kuanzia hezi 72. Ya mikrofaradi 1 hushuka hadi hezi 7, na gitaa la besi likarejea nyumbani.

Valvu zenyewe niliziacha mwisho. Nimejaribu ECC82 tatu za asili tofauti, na tofauti niliyoisikia kwa hakika ni kwamba moja ilikuwa inalia kama kengele ukiigonga kwa kalamu. Usishawishike kuchomeka ECC88 kwa kuwa tu miguu yake tisa inaingia kwenye soketi ileile: filamenti yake ni ya volti 6.3 kati ya mguu wa 4 na wa 5, na mguu wa 9 ni kinga tu, kwa hiyo volti 12 zitaiunguza.

Kilichobaki kilikuwa kishindo. Bafa inapowaka, kapasita ya kutolea hujichaji na kupeleka msukumo kwenye amplifaya. Dawa ya kawaida ni kuwasha bafa kwanza na amplifaya dakika moja baadaye, lakini umeme ukikatika na kurudi ghafla vyote huwaka kwa pamoja, na koni za spika huruka. Nilifunga rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) yenye kuchelewesha, ambayo huiweka njia ya kutolea kwenye ethi hadi sekunde 45 zipite, na huirudisha huko mara tu umeme unapoondoka.