Maswali yenu: madirisha ya rangi bila kipande cha kioo

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mwalimu wa awali hapa Mbeya mjini, watoto wangu ni wa miaka minne mpaka sita na ni wengi kweli. Kanisani kwetu kuna madirisha ya vioo vya rangi, watoto wanayapenda mno, nikasema na sisi tutengeneze ya kwetu darasani. Nikanunua manila na rangi za maji, wakapaka vizuri tu, ila tukibandika dirishani ni giza tupu, ukiwa ndani huoni rangi wala nini. Na bajeti ya shule ndo hivyo unaijua. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri mwalimu, pole na kelele za darasa. Watoto hawajakosea kitu hapo, tatizo ni manila. Manila nene, mwanga ukiigonga unarudi ulikotoka, alafu ile rangi mliyopaka nayo inaziba, kwa hiyo mkiwa ndani mnaangalia mgongo wa picha. Kwenye vioo vya kanisani rangi kubwa imo ndani ya kioo chenyewe, mafundi wanachanganya madini wakati kioo kimeyeyuka motoni, kobalti inatoa bluu, shaba inatoa kijani, na wakiweka dhahabu kidogo sana inatoka nyekundu, yaani mwanga unapita katikati ya rangi. Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya kitu chochote steshenari, kiinue ukielekeza kwenye mwanga na uweke vidole nyuma yake, ukiona kivuli cha vidole kinafaa, usipoona kirudishe.

Cha bei rahisi kuliko vyote ni karatasi nyeupe ya A4 na mafuta ya kula. Si umeona gazeti lililofungiwa maandazi, pale mafuta yalipoingia unaona mpaka upande wa pili? Karatasi ni nyuzinyuzi zenye hewa katikati yake, hewa hiyo ndo inatawanya mwanga karatasi ikaonekana nyeupe, sasa mafuta yakijaza zile nafasi mwanga unapita. Mtoto achore kwa krayoni, mistari mikubwa myeusi kwanza, alafu ajaze rangi kila chumba na akandamize haswa, akigusagusa tu itatoka imefifia. Akimaliza mnageuza karatasi, anachovya pamba kwenye mafuta ya alizeti na kusugua mgongo wa picha polepole. Nusu kijiko cha chai kinatosha karatasi moja, zaidi ya hapo ni kulowesha meza. Hapo ndo pa kuwaangalia, maana doa linatanuka wakiliona, karatasi inageuka kijivu na meza inaanza kuonekana chini yake, darasa zima litataka kushika pamba kwa wakati mmoja. Wagawe makundi mapema. Ukishamaliza futa mafuta yaliyozidi na tambara kavu, na zilale juu ya magazeti mpaka kesho yake ndo mbandike, kwenye kona tu na selotepu, na kona hizo zisipakwe mafuta maana selotepu haishiki kabisa kwenye mafuta.

Wale wa miaka minne krayoni inawachosha mkono. Wao wape zile karatasi nyepesi za rangi za kutengenezea maua, wazichane kwa vidole. Mkasi hauhitajiki, na vipande vya kuchana vinapendeza kuliko vya kukata, ukingo wake unakuwa na manyoya na vikipandana bluu juu ya njano unapata kijani hapohapo bila mtu kufundisha. Wanavibandika juu ya nailoni angavu, ile ya ndani ya shati jipya au ya mkate iliyooshwa ikakauka. Usihangaike na mifuko ya rambo, ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 na hata hivyo wala haikuwa angavu ya kutosha. Gundi pika mwenyewe, unga wa ngano kijiko kimoja cha chakula na maji nusu kikombe, koroga usiwe na mabonge, chemsha mpaka iwe kama uji mwepesi, wapake nyembamba.

Mistari myeusi nayo ina kazi yake. Kwenye kioo cha kweli ule weusi ni vipande vya risasi, yaani ile metali laini, si ya bunduki, vinavyoshika kioo na kioo kingine. Nyie twangeni mkaa, chekecha kwa kitambaa mpate vumbi laini, changanya na gundi nyeupe ya dukani mpaka iwe nzito, mwalimu ndo achore mistari kwa kijiti juu ya mipaka ya vipande. Kutwanga ufanye wewe mwenyewe nje, lile vumbi si la kuvutwa na watoto.

Na nikuombe kitu mwalimu, usiwachoree. Najua mzazi akija anapenda aone njiwa au msalaba umenyooka, lakini ukiwapa watoto mchoro mmoja wa kujaza utapata njiwa wanaofanana darasa zima na hakuna atakayejua wake ni upi. Waambie tu wagawe karatasi kwa mistari kutoka ukingo hadi ukingo, basi, vyumba vitajitokeza vyenyewe.

Jambo la mwisho ni dirisha gani. Huku kwetu kusini, Juni mpaka Agosti jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo bandikeni dirisha la kaskazini, kwa nyie wa Mbeya mjini ni upande ule ulipo mlima Loleza. Desemba linahamia kusini. Kama darasa lina dirisha la mashariki ndo raha zaidi, kipindi cha kwanza asubuhi rangi zinamwagika mpaka sakafuni na watoto wanazikanyaga.

SWALI: Dada mimi niko Iringa, kijana wangu ana miaka tisa, anataka kutumia vipande vya chupa za kweli, za kijani na za kahawia. Nimruhusu?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Chupa iliyopasuka ukingo wake ni wembe, na kuusaga mpaka uwe salama kunahitaji mashine, maji na miwani. Kama hamu yake ni kioo, mpeleke Neema Crafts hapo hapo mjini, ile karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanza 2003, kati ya kazi zao kuna shanga zinazotengenezwa kwa chupa, aone chupa inavyogeuka kitu kingine kwa moto na mikono ya mtu anayejua. Nyumbani mpe gundi nyeupe ya dukani na rangi ya chakula, achanganye matone mawili matatu kwenye vifuniko vya chupa, kila rangi kifuniko chake, amimine ndani ya mistari ya mkaa juu ya nailoni. Ikiwa mbichi inaonekana kama maziwa ya rangi, atakwambia imeharibika, mwambie asubiri, ile gundi ikikauka weupe unaondoka inabaki rangi angavu na unaweza kuibandua nzima kama ngozi. Umri wa miaka tisa kazi hii inamtosha kabisa.

SWALI: Tuko Makete, gundi ya unga haikauki, siku ya tatu imeota ukungu. Tuanike karibu na jiko?

JIBU: Karibu na jiko msithubutu, hasa zile za mafuta, karatasi yenye mafuta inashika moto haraka sana, na matambara mliyofutia msiyarundike ndani, yatandazeni nje yakauke. Makete mwezi wa saba hata nguo hazikauki, sembuse uji. Pikeni gundi ya siku ile tu, inayobaki mwageni, pakeni nyembamba kiasi cha kulowesha karatasi, na fanyeni asubuhi ili mchana wote upepo upite. Zitundikeni kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, msizilaze, hewa ipige pande zote mbili. Zilizoota ukungu tupeni, nailoni yake ioshwe na sabuni itumike tena.