Kompleksi za metali kama vichocheo "safi": nilichokutana nacho labu

Mkuu umeuliza hawa wanaotafiti kompleksi za metali kwa ajili ya rieksheni safi wanatafuta nini hasa, na kama topiki hiyo inafaa kwa masta au ni kujitafutia balaa. Mi masta yangu yote ilikuwa humo, miaka miwili na kitu, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokiona kwa macho yangu, na itakuwa ndefu nivumilie.

Tuanze na hilo neno "safi" maana hapo ndo wengi tunapigwa chenga. Chukua kazi ya kugeuza alkoholi kuwa aldehaidi. Njia za zamani ni kromiamu sita (yaani kromiamu iliyopoteza elektroni sita) au pamanganeti. Pamanganeti ikimaliza inakuachia tope la kahawia limeng'ang'ania chupa, kromiamu sita ndo mbaya zaidi kwa sababu inasababisha kansa, na unaihitaji nyingi kwa vile inaliwa kwenye rieksheni, haizunguki. Wazo la kompleksi ni kuweka metali kidogo sana, labda molekuli moja kwa kila mia za alkoholi au chini ya hapo, imeshikwa na ligandi ambayo ni molekuli ya kikaboni inayoibana kama vidole, afu kazi ya kuoksidisha unaiachia haidrojeni peroksaidi ambayo yenyewe mabaki yake ni maji tu. Metali ikimaliza na alkoholi moja inarudi ilivyokuwa, inabeba nyingine. Ukisoma hivyo unaona mambo yameisha.

Ligandi yangu ilikuwa salen. Kuitengeneza ni raha tupu, unayeyusha salisilaldehaidi kwenye ethanoli ya moto, unadondoshea ethilinidayamini, na hapohapo inageuka njano kali, ikipoa unapata vipande vyembamba vinang'aa kama magamba ya samaki. Siku ya kwanza nilipiga picha kama kumi. Ukiongeza asetati ya manganizi na hewa ikaingia, inakuwa kahawia nzito.

Ngoma ikaanza kwenye peroksaidi. Nikaimimina yote kwa mkupuo, mapovu yakaanza, nikafurahi nikajua rieksheni imekubali. Kumbe yale mapovu ni oksijeni, peroksaidi inavunjika yenyewe bila hata kuigusa alkoholi, manganizi kazi hiyo inaiweza sana, na alkoholi yangu ilikuwa palepale kama nilivyoiweka. Na kwa ujinga wangu nilikuwa nimeifunga chupa, kifuniko kikaruka kikagonga kioo cha kabati la moshi, mwenzangu aliyekuwa nyuma akalala chini kabisa. Tangu siku hiyo ni chupa wazi, barafu, na peroksaidi tone moja moja kwa saa nzima. Halafu tafadhali sana, peroksaidi na asetoni usizikutanishe hata wakati wa kuosha vyombo, zinaweza kutengeneza kitu kinacholipuka.

Baadaye nikahamia chuma, metali rahisi, ipo kila mahali, haina sumu ya kutisha. Nikapata aldehaidi asilimia 70 na kitu, nikaenda kwa supavaiza kifua mbele. Akaangalia grafu zangu zote kimya kimya, afu akauliza, "Ukiweka chumvi ya chuma tupu bila ligandi unapata ngapi?" Sikuwa nimefanya. Nikarudi nikafanya, tofauti ilikuwa pointi mbili tatu, yaani ligandi niliyohangaika nayo miezi minne haikuwa na kazi yoyote. Ndo nikaanza kuangalia kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu muda wote, rangi. Mwanzoni kahawia nzito, baada ya saa chache njano ya maji maji. Ligandi ilikuwa inaliwa. Chuma na peroksaidi ni rieksheni ya Fenton, inajulikana tangu miaka ya 1890, inazalisha radikali za haidroksili, vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenza, na hizo hazichagui, zinakula chochote zinachokutana nacho ikiwemo kompleksi yako mwenyewe.

Nilijifariji baadaye niliposoma kwamba wakubwa pia yamewakuta. Mwaka 2003 ilichapishwa rieksheni ya Suzuki, ile ya kuunganisha kaboni na kaboni ambayo kawaida inataka paladiamu, ikidaiwa inaenda bila metali kabisa. Mwaka 2005 kundi hilohilo likarudi kusema paladiamu ilikuwemo, ndani ya sodiamu kaboneti ya kununua, kiasi cha sehemu 50 kwa bilioni! Nilivyomaliza kusoma nikaenda kutupa sumaku zangu zote za kukorogea zilizochakaa, maana metali inajificha kwenye mikwaruzo na kuosha kwa kawaida hakuitoi.

Sasa kilichonivunja moyo zaidi ni hesabu. Mkemia Roger Sheldon mwaka 1992 alileta kipimo anachokiita E, yaani kilo za uchafu kwa kila kilo ya kitu ulichotaka. Kemikali za viwanda vikubwa zinacheza chini ya moja mpaka 5, madawa ni 25 mpaka zaidi ya 100. Nikajipima. Gramu moja ya aldehaidi nilikuwa naisafisha kwenye kolamu ya silika, yaani bomba lililojazwa unga wa silika wa kutenganisha vitu, gramu 40 za silika na karibu mililita 400 za heksani na ethili asetati. Ukijumlisha ni zaidi ya gramu 300 za taka kwa gramu moja. Kichocheo kilikuwa "kijani", peroksaidi inabakisha maji, na bado ndoo ya taka chini ya meza nilikuwa naijaza mwenyewe kila wiki, hamna mtu wa kumlaumu.

Mfano ninaoukubali ni wa mkemia Mjapani Noyori na wenzake mwaka 1998, sikloheksini kwenda asidi adipiki (malighafi ya nailoni) kwa kichocheo cha tangsteni na peroksaidi ya asilimia 30, bila kiyeyusho cha kikaboni, na zao, yaani kitu unachotaka, linatoka lenyewe kama fuwele ukipoza. Njia ya kawaida ya viwandani inatumia asidi nitriki na inatoa naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto. Hapo usafi upo mpaka mwisho wa kazi. Ila hata hapo inakula molekuli nne za peroksaidi kwa kila moja ya sikloheksini, na peroksaidi hailetwi na upepo, mwenye kiwanda anapiga hesabu zake.

Kwa hiyo swali lako la pili, ndiyo, ichukue, ila usiingie kwa nia ya kutengeneza kompleksi mpya 15 zenye rangi nzuri, hizo watu wanazo kabatini tayari. Chukua moja au mbili, wiki ya kwanza fanya rieksheni za kulinganisha, bila metali, bila ligandi, bila peroksaidi, chumvi tupu, afu fuatilia kila nusu saa kompleksi inakufa lini. Chagua zao unaloweza kulitoa kwa kuchuja au kukeneka ili kolamu usiiguse. Na kabla hujasaini topiki ingia labu yao uulize mashine ya GC, ile ya kupima umepata nini na kiasi gani, mara ya mwisho ilifanya kazi lini, maana mi niliingoja miezi mitatu.