Bibi hajakasirika: siku zangu za kwanza kuishi na familia ya Kirusi

Kuna binti wa shangazi yangu anaenda Urusi mwezi wa tisa, mwaka wa kwanza ni wa kusoma lugha tu, na amepangiwa kukaa na familia kama nilivyokaa mimi, sio hosteli, sasa kila usiku ananitumia voisi za maswali nikiwa nimeshalala. Nikaona niandike yote sehemu moja, asome yeye na wengine mnaojiandaa. Mimi nilikuwa Saint Petersburg, nilifika mwishoni mwa Septemba 2018, nikapelekwa kwa bibi mmoja mjane anayeishi na mjukuu wake wa kiume wa miaka 11.

Kama utasoma hiki kimoja tu ukazima simu, sawa: bibi hajakasirika. Mimi sikujua, nililia usiku wa kwanza na wa pili. Fikiria umetoka Dar, ndege mbili, umechoka hadi macho yamevimba, mlango unafunguliwa, mtu hatabasamu, hakuulizi habari za safari wala za nyumbani, hakuna pole, anakuangalia miguuni tu halafu anasema kwa sauti ya mwalimu wa zamu, "Tapochki!" Na mimi nilishavua viatu pale mlangoni kama tulivyolelewa, nimesimama na soksi najiona mtoto mwenye adabu zake. Kumbe tapochki ni ndala za ndani. Alikuwa ameniwekea za kijani, mpya, bado zimefungwa na kauzi. Kwao viatu unavua kama kwetu, ila kutembea peku au na soksi ndani ya nyumba ni kujitafutia ugonjwa. Kesho yake nimekaa sakafuni napanga nguo zangu, akapiga kelele mpaka nikadhani nimevunja kitu, mjukuu akaja na simu imetafsiri: hutazaa. Yaani ubaridi wa sakafu unaharibu kizazi, ndivyo anavyoamini na huwezi kumwambia kitu.

Tabasamu kwa mtu usiyemjua wao hawana mazoea nalo, na sauti ziko juu hata wakiongelea viazi. Ukielewa hilo mapema utapunguza machozi.

Kumuita je? Hakuna shikamoo, na mimi kwa kutaka kujipendekeza nikamuita "babushka", si ndiyo bibi, nikijua nampa heshima yake. Alinyamaza kabisa. Mtu mzima asiye ndugu yako unamuita jina lake pamoja na la baba yake, kwa mfano anaitwa Anna na baba yake alikuwa Ivan, basi ni Anna Ivanovna, yote mawili kila ukimuita, na unatumia "vy", wewe ya heshima, sio "ty", wewe ya kuzoeana. Yakariri majina hayo kwenye ndege. Ruhusa ya kumuita babushka alinipa mwenyewe baadaye, na aliponipa nilijua.

Sasa ghorofa. Warusi hawana graundi, ile ya chini kabisa ndiyo ya kwanza. Mimi niliambiwa ya tano, siku ya pili narudi kutoka chuo lifti mbovu, nikapanda ngazi nahesabu kama kwetu, graundi, ya kwanza, ya pili, nikafika ninayoijua mimi kuwa ya tano, mlango wa chuma uleule, rangi ileile, nikachomeka ufunguo haugeuki. Nikazungusha weee, nikasukuma na bega. Ndani mbwa akaanza kubweka, akatoka mzee na singlendi kashika kijiko. Kirusi changu chote kilikuwa maneno kama 10 na hakuna hata moja lililofaa pale, nikabaki nasema "izvinite, izvinite", samahani, samahani, huku narudi kinyumenyume kwenye ngazi. Huyo mzee baadaye kila tukikutana alikuwa ananionyesha vidole vitano halafu sita, anacheka peke yake. Piga picha namba ya mlango wako na ya jengo, majengo yale yamefanana kama mayai.

La chooni ngoja niliseme maana hakuna aliyeniambia. Fleti nyingi choo kina chumba chake na bafu lina chumba chake, na kwenye choo hakuna bomba, kuna karatasi tu. Sisi tuliozoea maji, beba kikopo kidogo au chupa, unachota bafuni kabla hujaingia. Bibi aliona kichupa changu, hakuuliza, siku ya tatu nikakuta ameninunulia kijagi cha plastiki cha waridi ambacho ni cha kumwagilia maua.

Baridi ya nje mnaiogopa sana ila iliyonitesa wiki ya kwanza ni ya ndani. Joto la nyumba linatoka mtamboni linasambaa mtaa mzima kwa mabomba, huna swichi, na hawafungulii mpaka wastani wa joto la nje ukae chini ya nyuzi 8 kwa siku 5 mfululizo. Kwa hiyo kuna siku za katikati pale nje nyuzi 10, ndani kama friji, nalala na khanga mbili juu ya blanketi. Halafu siku moja narudi nakuta mabomba chini ya dirisha yanaunguza, na kuanzia hapo unalala na fulana unaota uko Tanga. Usifungue dirisha na mlango kwa pamoja lakini, upepo ukikatiza chumbani bibi anauogopa kuliko mwizi.

Chakula. Adabu ya kumaliza sahani iache kidogo, kwa bibi wa Kirusi sahani tupu ni shimo la kujazwa. Nilikula borshch, ile supu yao nyekundu ya bitiruti, sahani tatu siku ya kwanza kwa heshima tu. Sema "ya nayelas", nimeshiba, mwanaume anasema "ya nayelsya", na uwe tayari kusema mara nne. Kama huli nguruwe sema siku hiyohiyo ya kwanza, "ya ne yem svininu", kwa sababu kwenye soseji na pelmeni, vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani, mara nyingi anakuwemo bila kuonekana. Yangu aliishika vizuri, na kwa nyama ya halali niliwauliza Watatari, Waislamu wa hukohuko Urusi, niliokutana nao kwenye ule msikiti wenye kuba la buluu karibu na stesheni ya Gorkovskaya. Grechka, nafaka ya kahawia wanayopika kama wali, utaichukia wiki mbili kisha utaitafuta. Kefir ni mtindi mwepesi, hiyo haina shida.

Ila chai! Siku ya kwanza tumekaa jikoni hatuna lugha, akanyanyua birika akasema "Chai?" nikashtuka, nikasema "Chai!" Neno lilelile. Sukari ni sakhar, limau ni limon, tukajiona tumeshaongea. Siku ya tano nikatoa iliki na tangawizi kwenye begi nikampikia ya maziwa, amesimama nyuma yangu ananuna anavyoona majani yanachemka pamoja na maziwa, akanywa, akasema "normalno". Nikaumia kweli, nimepika kwa moyo unaniambia ya kawaida? Akajimiminia cha pili. Jifunze hilo, normalno ni sifa. Na usijifungie chumbani na simu, kaa jikoni hata kama huelewi kitu, Kirusi changu nilikiokota pale zaidi ya darasani.

Mluzi ndani usipige. Kwetu ukipiga usiku unaita nyoka, kwake unafukuza hela. Na usimpe mtu kitu kizingiti kikiwa katikati yenu, ingia kwanza.

Makaratasi harakaharaka: wakati wangu mwenyeji alitakiwa kupeleka taarifa yako uhamiaji ndani ya siku 7 za kazi, mkumbushe siku ya kwanza, na ile kadi wanayokupa mpakani usiitumie kama alama ya kitabu kama nilivyofanya mimi. Pesa, tangu Machi 2022 Visa na Mastercard za benki zetu kule hazifanyi kazi, beba keshi ya dola au yuro, noti safi zisizokunjwa, mpaka upate kadi ya kulekule. Saa zao na zetu ni sawasawa, mama atakupigia muda wowote, huna kisingizio.

Koti, hili ndilo swali la voisi ya jana. Usinunue Dar. Mimi nilizunguka mtumbani nusu siku kwenye joto lile nikapata koti refu zito, la Ulaya kabisa, nikajisifu. Bibi alilishika kwa vidole viwili akasema ni la vuli, si la baridi kali. Akapanda kwenye kiti akatoa kabatini la binti yake, limejaa manyoya ya bata, linanuka dawa ya nondo wanaotoboa nguo, mikono imenifupia kidogo. Nilivaa hilo mpaka Aprili.