Pawa saplai ya kompyuta ya zamani ikigoma, usiitupe kwanza

Feni ilitikisika robo mzunguko, ikasimama. Nikazima, nikasubiri, nikawasha tena: tiki, robo mzunguko, kimya. Ndivyo kompyuta ya baba mdogo, IBM XT, ilivyonipokea kule Kibosho, masika yakiwa yamekolea na njia yote ni tope. Mashine ile ilifanya kazi miaka mingi kwenye ofisi moja ya kahawa hapa Moshi. Ofisi ilipobadilisha vifaa, baba mdogo, aliyekuwa mhasibu pale, akaomba aondoke nayo. Tangu siku hiyo ilikaa stoo juu ya meza, imefunikwa khanga.

Kabla yangu ilikuwa imeshapita kwa fundi mmoja mjini. Alifungua, akachomoa pawa saplai, lile boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa voti ndogo za kompyuta, akaiweka mezani peke yake, akapima, mita ikasoma sifuri. Jibu likawa: "Imekufa, tafuta nyingine." Baba mdogo akatafuta mwaka mzima, Moshi na Arusha, akaulizia mpaka Nairobi. Na saplai ile ilikuwa nzima kabisa. Hilo ndilo lililonifanya niandike, maana nimeshaona mashine kadhaa za umri huo zikihukumiwa namna hiyohiyo na kuishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Inaniuma.

XT ilitoka mwaka 1983. Saplai yake ni ya wati 130, na inatoa voti 5, voti 12, hasi 5 na hasi 12. Ndani yake kuna ulinzi: laini mojawapo ikivutwa umeme kupita kiasi, saplai inajikata yenyewe. Kwa hiyo ule mtikisiko wa feni ni ujumbe. Saplai imejaribu, imekuta shoti mbele yake, imefunga geti. Na kuna jambo la pili ambalo fundi yule hakulijua: saplai za namna hii hazipendi kuwashwa bila mzigo, yaani bila kitu cha kutumia umeme wake. Ukiiweka mezani tupu, inaweza kukataa kuwaka hata kama haina kasoro yoyote. Ikiwa kwenye mashine inagoma kwa sababu ya shoti, na mezani inagoma kwa sababu haina mzigo, utaapa kwamba imekufa.

Kabla ya bisibisi, usalama. Umeme wa voti 230 ukishageuzwa na daraja la dayodi, kapasita kubwa za ndani, vile vifaa vinavyohifadhi chaji, zinabeba kama voti 325 za moja kwa moja, na zinaweza kukaa nazo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Chomoa, subiri dakika kumi au zaidi, kisha pima kwa mita kabla kidole hakijaingia. Zikiwa bado na chaji, zimalize kwa rezista (kifaa cha kuzuia umeme) ya omu 10,000 ya wati 5 iliyofungwa kwenye waya wenye maganda mazuri. Usizipige shoti kwa bisibisi, hata kama umemwona fundi mzoefu akifanya hivyo. Na kama hujawahi kufanya kazi kwenye umeme wa ukutani, kaa upande wa nje wa boksi. Sehemu kubwa ya ninayoeleza hapa haihitaji kulifungua.

Kwa mashine iliyolala miaka, mimi huanza na taa ya sirizi: balbu ya wati 100 ya nyuzi, ile inayotoa joto, imeungwa katikati ya waya wa moto unaokwenda kwenye saplai. Balbu hizi zimeadimika madukani, lakini wafugaji wa vifaranga bado wanazitumia. Yangu niliipata kwenye duka la pembejeo, na mama mwenye duka akaniuliza nina vifaranga wangapi. Ukiwasha, taa ikimulika kidogo kisha ikafifia, vizuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu, shoti iko ndani ya saplai yenyewe, upande wa umeme mkubwa, nayo balbu imekuokolea fyuzi na mengine. Kipimo hiki ni cha shoti tu. Saplai isipotoa voti zake kamili ikiwa nyuma ya balbu, usiihukumu.

Baada ya hapo, ipe mzigo wake mezani. Kwenye voti 5 ninafunga rezista nyeupe ya saruji ya omu 2.2, wati 20. Inavuta zaidi kidogo ya ampea 2 na inachemka, kwa hiyo ilaze juu ya kipande cha kigae. Kwenye voti 12 ninaweka balbu ya gari ya wati 5, ile ya kumulikia namba ya gari. Balbu hiyo ina faida ambayo mita haina: saplai ikijaribu na kukata, unaiona ikipepesa.

Saplai ya baba mdogo ilipopewa mzigo huo, balbu ikawaka imetulia na feni ikazunguka bila kusita. Mita ikasoma 5.06 na 12.1. Chipu za zama zile zinataka voti 5 isishuke chini ya 4.75 wala isizidi 5.25, kwa hiyo hapo hapakuwa na la kulalamikia. Nilikaa kimya kidogo nikiitazama ile balbu. Mwaka mzima wa kutafuta.

Shoti basi ilikuwa kwenye bodi, kile kibao kikuu cha kompyuta. Hapa ndipo penye kazi, na mita ya kawaida inatosha. Kwanza gusanisha ncha mbili za mita zenyewe. Yangu inasoma 0.3, na hiyo ni ya nyaya zake, unaitoa kwenye hesabu. Kisha, plagi za saplai zikiwa zimechomolewa, pima kati ya kila laini na ardhi (njia ya pamoja ya kurudisha umeme) kwenye soketi ya bodi. Usifuate rangi za waya, zinatofautiana, hesabu pini. Kwenye plagi ya kwanza, P8, pini ya 3 ni voti 12, ya 4 ni hasi 12, ya 5 na ya 6 ni ardhi. Kwenye plagi ya pili, P9, mbili za kwanza ni ardhi, ya 3 ni hasi 5, tatu za mwisho ni voti 5.

Laini ya voti 12 ikasoma 0.4. Hiyo ni shoti kavu. Nikachomoa kadi, vile vibao vidogo vinavyochomekwa kwenye bodi, moja moja, nikipima kila mara, kwa sababu voti 12 inapita kwenye nafasi zote za kadi. Bado 0.4. Nikawageukia watuhumiwa wa siku zote: kapasita za tantalamu, vile vitone vya rangi ya machungwa, ukubwa wa punje ya mbaazi, vilivyopangwa karibu na nafasi za kadi. Zikizeeka, baadhi huwa shoti bila kuonyesha alama yoyote kwa nje. Nyingine hulipuka kwa cheche na harufu kali, nazo afadhali, maana unaziona. Ya baba mdogo ilikuwa safi kama mpya. Nilipoing'oa kwa pasi ya kulehemu, mita ikaruka kutoka 0.4 hadi zaidi ya omu elfu.

Ukinunua nyingine, chukua ya mikrofaradi 10 lakini ya voti 25 au 35. Ya voti 16 kwenye laini ya voti 12 ina nafasi ndogo mno ya kupumua. Na tafadhali angalia upande: kapasita ya kopo la kawaida huwekewa alama upande wa hasi, tantalamu huwekewa alama upande wa chanya. Ukiichomeka kinyume italipuka. Zile za IBM zenye miguu mitatu, chanya ni mguu wa kati.

Mengine kwa haraka. Feni ikizunguka vizuri lakini mashine haitoi mlio wala picha, pima pini ya 1 ya P8. Hiyo ndiyo saplai inayoiambia bodi kwamba voti ziko sawa, na isipopanda kuelekea voti 5, prosesa inabaki imezuiwa. Unaporudisha P8 na P9, waya nyeusi zikutane katikati; ukizigeuza unaua bodi. Saplai yenye kapasita za RIFA, zile za kimanjano zinazopitisha mwanga na zenye nyufa nyufa kama tope lililokauka, zibadilishe hata kama mashine inawaka. Weka za daraja X2, voti 275. Zikipata unyevu hutoa moshi mwingi siku usiyoitarajia. Kopi nyingi za XT, zile za kampuni nyingine, zina swichi ya 115/230 nyuma. Kama mashine imetoka Marekani, itazame hiyo swichi kabla ya kitu kingine chochote. Na umeme ukikatika, zima kwenye swichi, usisubiri urudi ukiwa umewasha. Mimi huacha dakika tano baada ya kurudi.

Jumapili iliyofuata nilirudi Kibosho na kapasita yangu mfukoni. Tuliwasha bila diski yoyote, maana diski ngumu bado sijaipima. Kioo cha kijani kikahesabu kumbukumbu hadi 640 KB OK, mlio mmoja mfupi, kisha ikafunguka BASIC, lugha ya programu iliyomo ndani ya ROM, chipu ya kumbukumbu ya kudumu. Baba mdogo akavuta kiti, akavaa miwani, akaandika taratibu kwa kidole kimoja: PRINT 480*60. Magunia 480 ya kahawa, kilo 60 kila moja.

28800, kikajibu kioo.

"Sawasawa," akasema, akaandika nyingine.